Stima Haina Debe

Mjomba wangu hapigi simu. Anatuma sauti kwa WhatsApp, dakika tatu nzima, nyuma yake makanga anaita "Mutomo! Mutomo wawili!", na ukimaliza kusikiliza hujui kama alikuwa anaongea na wewe ama na abiria. Lakini ile ya Septemba ilikuwa fupi. "Injinia. Hii gari ya stima ni ya ukweli ama ni siasa? Nataka jibu kabla mwezi uishe."

Mimi si injinia. Niliacha chuo mwaka wa tatu, uhandisi wa umeme, karo ikiwa imenilemea na, tuseme tu ukweli, hamu ikiwa imeisha kabla ya karo. Siku hizi naandika. Lakini nyumbani Kitui, mtu aliyesomea stima miaka miwili na nusu bado ni injinia, hasa kama hakuna mwingine. Nikienda sikukuu naletewa redio mbovu.

Mjomba anaendesha Probox, Kitui hadi Mutomo. Ni kama kilomita 70 hivi kwenda, na siku nzuri anaenda na kurudi mara mbili. Sacco yake ilikuwa imekubali kumpa mkopo. Kuna wakala Mombasa aliyemtumia picha za gari dogo la stima, mtumba kutoka Japani, jeupe, safi, na maneno matamu: hakuna mafuta, hakuna oili, hakuna plagi. Dhamana ya mkopo ingekuwa logibuku ya Probox. Yaani akikosea, anabaki bila gari la zamani na bila gari jipya. Hilo ndilo swali nililotumiwa kwa sauti ya sekunde kumi.

Nilianza kumjibu kwa hesabu. Nikajikuta kwenye historia, na nikaanzia mahali sikutarajia: kwenye stoo ya nyanya yangu, Susu, ambako kuna debe.

Ni debe la kawaida, bati lililopigwa na kutu, mdomo umekatwa na kukunjwa ili usikate mikono. Susu analitumia kupima mahindi na mbaazi. Kila mtu Ukambani anajua debe ni nini. Ukiuza mbaazi unauza kwa debe. Ukipiga kura, kura zinaingia debeni. Lakini ukiuliza kwa nini debe lina ukubwa ule ule kila mahali, lita 18 na kidogo, watu wanakuangalia kama umepotea. Ni kwa sababu debe si kipimo cha mahindi. Ni galoni nne za Kiingereza. Ni kopo la mafuta.

Kabla ya pampu, mafuta ya taa na petroli yaliingia Afrika Mashariki kwa meli yakiwa ndani ya makopo ya bati ya galoni nne, makopo mawili kwa kila sanduku la mbao. Mwenye duka Mhindi alikuwa nayo pale dukani, karibu na chumvi na marekani. Mafuta yakiisha, bati likabaki. Likachota maji, likapima nafaka, likapasuliwa likawa paa. Babu yangu, aliyekuwa tanboi wa lori la mfanyabiashara mmoja miaka ya hamsini, alikuwa akimwambia Susu kwamba safari haikupimwa kwa maili bali kwa madebe: kwenda sokoni fulani ni madebe mawili, kurudi mawili, moja la Mungu.

Hilo debe la Mungu ndilo lililoshinda vita ambavyo wengi wetu hatujui vilipiganwa.

Tunaambiwa gari la stima ni kitu kipya. Si kipya. Mwaka 1900 kule Marekani, magari yaliyotengenezwa zaidi yalikuwa ya mvuke na ya stima. Ya petroli ndiyo yalikuwa machache kuliko yote. La petroli lilikuwa na kelele, lilinuka, na ili kuliwasha ulizungusha chuma kwa mkono, chuma ambacho kingeweza kukurudia na kukuvunja mkono. La stima ulikaa tu ukaenda. Clara Ford, mke wa Henry Ford mwenyewe, aliendesha gari la stima aina ya Detroit Electric wakati mumewe akijaza dunia magari ya petroli. (Sijui mazungumzo yao ya mezani yalikuwaje, lakini ningelipa kuyasikia.)

Kilichobadilisha mambo ni vitu vingi. Mwaka 1912 Cadillac ilitoka na stata ya umeme, kwa hiyo kile chuma cha kuzungusha kikaanza kuaga. Mafuta yakawa bei rahisi, magari ya Ford vilevile. Lakini kwangu mimi sababu iliyo karibu na Susu ni hii: petroli inakaa kwenye kopo. Mwaka 1888 Bertha Benz aliposafiri na gari la mumewe kutoka Mannheim hadi Pforzheim, karibu kilomita 100, hakukuwa na kituo cha mafuta popote duniani. Alipoishiwa, aliingia duka la dawa mjini Wiesloch akanunua kemikali ya kuondoa madoa. Akamimina, akaenda. Petroli haikungoja mtu ajenge chochote. Ilipanda mgongoni mwa maduka yaliyokuwepo tayari. Stima ilihitaji waya, na waya ulikuwa mjini. Hata katikati ya miaka ya 1930, mashamba kama tisa kati ya kumi huko Marekani hayakuwa na stima. Mkulima wa Kansas alikuwa sawa na mjomba wangu: si kwamba alipinga gari la stima, bali lingefika kwake likafa.

Na usidhani enzi ya debe imepita. Toka barabara ya lami pale Ikutha, ingia ndani kilomita kumi, utaona meza ya mbao kando ya njia, juu yake chupa za soda zenye kitu cha rangi ya chai. Petroli. Si halali, ni hatari, na ndiyo inayoendesha nusu ya bodaboda za Kitui Kusini. Mama mmoja na chupa sita ni kituo cha mafuta. Bado sijaona meza ya mtu anayeuza stima kwa chupa.

Hapa ingefaa nimjibu mjomba: basi, imeshindikana. Lakini jambo hili lina mizizi ya zamani kuliko petroli, na ukiwa mtu wa Ukambani unajua mizizi yenyewe ni maji.

Karne ya kumi na tisa, kabla ya reli, watu wa kutoka Kitui walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa misafara kati ya bara na pwani. Pembe za ndovu zilitoka huku, nguo na shanga na chumvi zikarudi. Maarufu kuliko wote alikuwa Kivoi wa Mwendwa. Ni yeye aliyempokea mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, na ni kutoka Kitui, tarehe 3 Desemba 1849, Krapf alipouona Mlima Kenya, jambo ambalo watu wa Ulaya walimcheka nalo kwa sababu theluji kwenye ikweta haikuwaingia akilini.

Miaka miwili baadaye Krapf alirudi na wakatoka pamoja kuelekea mto Tana. Msafara ukavamiwa, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake porini. Soma alichofanya: alijaza maji kwenye mfuko wa ngozi wa darubini yake, na mengine akayatia kwenye mtutu wa bunduki, akaziba na majani. Akatembea. Vichaka vikachomoa zile nyasi, maji yakamwagika. Huyu ni mtu ambaye chaji imeisha na hakuna soketi mbele.

Msafara wote wa Nyika ulipangwa hivyo. Hukupanga njia kwa urefu wake, ulipanga kwa visima. Ndiyo maana majina yale yale yanarudi: Taru, Maungu, Tsavo, Mtito Andei, Kibwezi, Makindu. Kwanza yalikuwa mahali pa kupiga kambi. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, nayo ilikuwa na kiu, kwa sababu injini ya mvuke ni sufuria kubwa: bila maji na kuni haiendi. Pale Taru kulikokuwa hakuna maji, yaliletwa kwa treni. Reli ikafuata visima vya msafara, na wakati huohuo Ukambani ilikuwa inakufa kwa njaa ile ambayo wazee waliita Ngomanisye. Mchele wa vibarua ulipita kwa mabehewa mbele ya watu waliokuwa hawana kitu.

Makindu ikawa kituo kikubwa cha injini. Masingasinga waliofanya kazi kwenye reli walijenga hekalu lao pale mwaka 1926, na mpaka leo ukisimama unapewa chai, chapati na dengu bila kulipa. Katika barabara yote ya Mombasa, hapo ndipo mahali pekee ninapopajua ambapo unajaza tangi bure. Kisha yakaja malori, na malori nayo yakasimama palepale: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud. Kisima, tangi la reli, pampu ya dizeli. Nguvu inabadilika, kituo hakihami.

Lakini angalia nani alibaki nje. Kitui ilikuwa katikati ya biashara enzi za Kivoi. Reli ilipita kusini, upande ambao leo ni Makueni, na Kitui ikawa pembeni. Sio kwamba watu wake walilala. Kituo kilihamishiwa kwingine na watu wasiowauliza. Barabara ya Kibwezi hadi Kitui kupitia Mutomo imewekwa lami juzijuzi tu. Mjomba bado anakumbuka kuvuka mchanga akiwa ameshusha abiria wasukume. Kwa hiyo mtu akiniambia magari ya stima yataanza Nairobi na Mombasa "kisha yafike kwenu polepole", nasikia kitu ambacho Kitui imeshakisikia.

Na tukiwa kwenye mambo ya kupita bila kusimama, kuna bomba.

Bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi mwaka 1978. Limepita chini ya Makueni yote, na lina vituo vya kusukuma mafuta Mtito Andei na Sultan Hamud. Petroli ya nchi inapita chini ya miguu ya watu wa Kibwezi, inafika Nairobi, inapakiwa kwenye lori, kisha inarudishwa nyuma hadi vituo vya Ukambani. Kuna wakati ilisimama huko: Mei 2015, pale Thange, bomba lilipovuja na mafuta yakaingia mtoni. Mto ambao watu walikunywa, waliomwagilia sukuma na matunda. Ilichukua miaka kumi; mwaka 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni iliamua walipwe, jumla ya shilingi bilioni 3.8. Watu wakisema petroli ni rahisi kuliko stima, mimi huuliza rahisi kwa nani. Bei ya Thange haikuandikwa kwenye pampu.

Juu ya vichwa kuna waya, na nazo hadithi ni ile ile. Mabwawa ya Tana yalijengwa moja baada ya jingine: Kindaruma 1968, Kamburu, Gitaru, Masinga 1981, Kiambere 1988. Kiambere iko mpakani na Kitui kabisa. Ukikaa upande wa Mwingi unaweza kusema stima ya Kenya inazaliwa mlangoni pako. Ilizaliwa, ikapanda nguzo kubwa, ikaenda Nairobi. Miaka mingi watu waliokaa karibu na yale maji walisoma kwa koroboi, yaani kwa mafuta ya taa.

Tangu 2015 mradi wa kusambaza stima vijijini umefika mbali, siwezi kuukana. Ada ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, kwa sharti moja: uwe ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Mita 600! Kuna familia nyingi huku ambazo maisha yao yamegawanywa na hiyo namba. Boma la Susu liko mbali zaidi. Lina paneli ndogo ya jua ya taa tatu na simu.

Basi sasa hesabu, ile niliyoanza nayo.

Mjomba anakwenda karibu kilomita 280 siku nzuri. Probox yake, injini ya 1500, ikiwa imejaa, inampa kama kilomita 14 kwa lita. Hiyo ni lita 20. Kwa bei ya karibu bob 180, ni 3,600 kwa siku kabla hajanunua chai. Na ameona mbaya zaidi: Oktoba 2023 lita ilifika 217 Nairobi, na huku ndani huongezeka. Gari dogo la stima linakwenda kilomita sita au saba kwa uniti moja. Tarifa ya 2023 iliwawekea wanaochaji magari bei yao: shilingi 16 kwa uniti, nane usiku mzigo ukipungua, kabla ya kodi na makato. Ukipiga hapo, zile kilomita 280 ni uniti 43, hata elfu moja haifiki. Hata ukichaji kwa tokeni za kawaida za nyumbani bado ni chini ya nusu ya petroli.

Kwa karatasi, wakala wa Mombasa hasemi uongo. Nilimwandikia mjomba hizo namba, akajibu kwa emoji ya moto.

Shida ni kwamba karatasi haiendi Mutomo. Lile gari la kwenye picha ni Nissan Leaf ya kwanza kwanza, ya betri ya uniti 24. Likiwa jipya, Wamarekani walilitarajia liende kilomita 120, au 160 ukiwa mpole. Betri iliyozeeka, abiria watano, mizigo juu, kupanda na kushuka: mimi ningemwambia ahesabu 90, na moyo udunde. Kitui hadi Mutomo anafika. Kurudi hafiki. Achomeke. Soketi ya kawaida inatoa kama kilowati tatu. Saa saba, nane. Abiria wa Mutomo watamngoja mpaka magharibi? Kwa hiyo akiba yote ya mafuta inaliwa na saa za kusimama, na mkopo wa sacco hausimami.

"Si kuna chaja za haraka," utaniambia wewe wa Kilimani. Zipo. Chaja ya kilowati 50 inaweza kumjaza wakati anakula. Lakini transfoma nyingi za soko ndogo huku zina ukubwa huohuo, kVA 50, na hapo inategemewa na kinyozi, posho mill, welding, zahanati na nyumba zote. Ukichomeka Leaf moja kwa chaja ya haraka, umechomeka soko zima. Posho mill ikizima siku ya soko, mjomba atatafutwa.

Na stima yenyewe ikipotea? Tarehe 25 Agosti 2023 ilipotea nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia giza. Siku kumi baadaye Rais Ruto alijiendesha kwa kigari kidogo cha stima hadi mkutano wa tabianchi pale KICC. Sisemi kwa kejeli. Nilikipenda kile kigari. Ila nilifikiria umbali kati ya hizo picha mbili.

Wazee wa Ukambani huita njaa kwa majina, na ile ya 1984 inaitwa Nikw'a ngwete: nakufa nikiwa nimeshika. Nimeshika nini? Pesa. Watu walikuwa na pesa mkononi na hakuna chakula cha kununua. Susu ananieleza alivyotembea na noti imefungwa kwenye kitambaa cha kiuno, duka hadi duka, na noti ikarudi nyumbani nzima. Hakuna neno la kitaalamu linaloeleza hofu ya mwenye gari la stima vizuri kuliko hilo. Tokeni ziko kwa simu, na gari limekufa kando ya mbuyu.

Nikawa nimeridhika na hoja yangu mpaka Susu mwenyewe akaiharibu. "Na ile siku mlikosa mafuta?" Alimaanisha Aprili 2022, serikali ilipochelewa kuwalipa wauza mafuta fidia na pampu zikakauka nchini. Mjomba alilala kwenye foleni Kitui mjini siku mbili. Alikuwa ameshika pesa. Petroli nayo ina nikw'a ngwete yake, ila hiyo tumeizoea tukaiita bahati mbaya.

Kuna joto pia, na hapa somo langu la chuo lilinisaidia angalau mara moja. Betri haipendi jua. Leaf za mwanzo hazikuwa na mfumo wa kuipoza betri kwa maji, na mwaka 2012 wenye magari hayo jimbo la Arizona, mahali pa joto kali, walianza kulalamika kwamba yanapoteza umbali haraka. Kitui mwezi wa pili si Arizona, lakini hakuna mtu atakayekutania ukiita hivyo. Nairobi yenyewe, yenye baridi, ilikuwa na kampuni ya teksi za stima, NopeaRide, iliyoanza 2018 na Leaf hizihizi. Kufikia mwisho wa 2022 ilikuwa imefunga. Mzazi wake huko Ufini aliishiwa pesa, si kwamba magari yaligoma. Lakini ilikuwa na chaja zake yenyewe, ndani ya mji mmoja, na bado ikashindwa kungoja.

Halafu fundi. Probox imetawala Ukambani kwa sababu ikiharibika Kyatune saa moja usiku, kuna mtu anaamka na spana. Spea ziko, mkono uko, na deni linangoja. Betri kubwa ya gari la stima ina volti zaidi ya 300. Fundi wetu ni hodari na sitaki afe. Na nisisahau jambo ambalo hakuna injinia ataliandika: Leaf inabeba watu watano. Probox ya mjomba, ambaye simtaji jina ndiyo maana, inabeba watano kwenye karatasi na tisa kwenye ukweli. Tangu Mzee Kenyatta aruhusu matatu bila leseni mwaka 1973, biashara hii imeishi kwenye tofauti kati ya karatasi na ukweli. Betri haijui kujibana.

Nilikuwa karibu kuandika hapana na kulala. Kilichonizuia ni pikipiki.

Nairobi nimepanda boda za stima mara nyingi. Betri ina kama uniti tatu. Dereva akiishiwa anaingia pale wanapobadilisha, anachomoa iliyokufa, anaweka iliyojaa, dakika chache, anaondoka. Nimeona mara mia bila kuona. Juzi nikiwa stoo ya Susu, mkono kwenye lile bati, ndipo niliona: mtu anabeba nguvu mkononi, anaacha kopo tupu na kuchukua lililojaa. Hiyo ni debe. Uniti tatu unaweza kuchaji usiku kwa soketi ya kinyozi bila kuzima posho mill. Unaweza kuichaji hata kwa jua, ukiwa na paneli chache kubwa. Gari la uniti 24 lingetaka kama kumi na mbili za wati 450, na siku yenyewe isiwe na mawingu. Na jua, Kitui, ndicho kitu pekee hatujawahi kupungukiwa.

Sisemi boda ya stima itabeba mitungi mitatu ya maji na gunia la mbaazi kwenye mchanga wa Ikutha kesho asubuhi. Ninasema tu kwamba petroli haikuingia huku kwa magari mazuri. Iliingia kwa kopo, kwa mtu mwenye duka.

Nilienda mwenyewe Mutomo kumwambia mjomba, maana jambo la mkopo halisemwi kwa WhatsApp. Tulikaa ndani ya Probox, milango wazi. "Anko, usinunue," nikamwambia. "Si kwa hii njia, si hiyo gari. Utachaji mchana kutwa na sacco itakuja kuchukua Probox." Nilimweleza yote: joto, transfoma, fundi, Krapf na mtutu wake. Alicheka kwa Krapf. Kisha akanyamaza muda mrefu, na mimi nikajua nimemvunja moyo, kwa sababu kwa wiki tatu alikuwa ameishi maisha ambayo zile 3,600 za kila siku zilibaki mfukoni. Ana mtoto Form Three. Hakuniambia hivyo, nilihesabu mwenyewe.

"Na hiyo debe ya boda," akasema mwishowe. "Anayeuza anapata?"

Nikamwambia mwenye duka Mhindi hakuwahi kumiliki lori la kwanza, lakini alimuuzia kila mwenye lori.

Ana ploti ndogo nyuma ya soko, vyumba viwili, kimoja kimefungwa. Aliuliza transfoma iko wapi. Nikamwonyesha nguzo, ng'ambo ya barabara, kule karibu na shule. Akaangalia nguzo, akaangalia ploti. Hakuna aliyekuwa na futi ya kupimia. Akawasha Probox, akaiendesha hadi chini ya transfoma, akageuza, akabonyeza ile kilomita ndogo ya safari ikasoma sifuri, kisha akarudi polepole kabisa, kuku wakitupisha, macho yake kwenye dashibodi, mpaka mlangoni.

"Nukta sita," akasema. "Hiyo ni mita mia sita?"

"Inaweza kuwa mia sita. Inaweza kuwa mia sita na tisini. Hiyo mita yako haisemi, anko."

Akaguna, akarudisha sifuri, akageuza gari tuanze tena kutoka kwenye nguzo.